Gari Likilala Nyuma

Toyota Land Cruiser ya mfululizo wa 70, ile ndefu ambayo mafundi wa Arusha huikata paa ili watalii wasimame na kutazama simba, huanza kuonyesha uzee wake kwa nyuma. Mbele inabaki palepale. Nyuma inashuka sentimita moja, mbili, hatimaye tano. Usiku taa zinamulika matawi ya miti na kuwapofusha madereva wanaokuja. Gari likipita shimo na abiria saba, ekseli inagonga raba zilizo chini ya chesisi, na kishindo chake kinasikika hadi kwenye kiti cha dereva. Dereva akifika gereji hana haja ya maelezo marefu: springi zimelala.

Jibu analopewa mara nyingi ni fupi vilevile: tuongeze jani. Jani lenyewe, bamba moja la chuma, hutoka kwenye springi kuukuu ya lori, likakatwa kwa urefu unaotakiwa na kutobolewa katikati. Jioni gari linatoka limesimama, mwenyewe ameridhika. Lakini tiba hiyo haiendani na ugonjwa.

Watu wengi huamini kwamba springi iliyolala ni chuma kilicholegea. Ukiiweka kwenye mashine ya kupimia utaona mambo mengine: kuishusha sentimita moja kunahitaji uzito uleule uliohitajika ilipokuwa mpya, au karibu sana na huo. Ukaidi wa chuma dhidi ya kupinda unatokana na jinsi atomi zake zilivyoshikana, na hilo halibadiliki kwa umri. Halibadiliki hata kwa moto wa kiwandani. Msumari laini na springi ya lori, vikiwa na umbo moja, hupinda karibu sawa chini ya mzigo mdogo. Tofauti yao ni umbali ambao kila kimoja kinaweza kupindishwa na bado kikarudi kilipokuwa.

Umbali huo ndio unaogharamiwa. Chuma cha springi kina kaboni ya asilimia 0.5 hadi 0.6, pamoja na manganizi na kromi, au silikoni. Hupashwa moto hadi karibu nyuzi 850 za selsiasi, huzamishwa ghafla ndani ya mafuta, kisha hupashwa tena kwa joto la chini ili kisivunjike kama kioo. Wahunzi wetu wanakithamini kwa sababu hiyohiyo: springi chakavu nyingi za Afrika Mashariki zimeishia kuwa panga na sime, kwa kuwa makali yake hayageuki upesi.

Mwaka 1678 Robert Hooke alichapisha kanuni inayobeba jina lake hadi leo: mzigo ukiongezeka mara mbili, springi hushuka mara mbili, na mzigo ukiondoka, springi hurudi. Kanuni hiyo ina mpaka. Gari lililojaa likidumbukia shimoni, uso wa jani hufikia mpaka huo na kuuvuka kidogo; tabaka za atomi huteleza na hazirudi. Mtelezo mmoja hauonekani kwa jicho. Lakini pitisha gari kwa miaka kwenye njia ya kutoka Ngorongoro kwenda lango la Naabi, ambako changarawe hujikunja mawimbi, na upinde wa springi utapungua. Ugumu wake umebaki. Umbo ndilo lililopotea.

Sasa turudi kwenye jani la lori. Ugumu wa jani hupanda kwa kipeo cha tatu cha unene wake. Chukua springi yenye majani saba ya milimita 6, uongeze moja la milimita 8 lenye upana na urefu uleule. Hilo moja lina ugumu wa majani 2.4 ya yale ya zamani, na springi nzima imekuwa ngumu kwa asilimia 34. Gari limenyanyuka kwa sababu mgeni amebeba sehemu ya mzigo, huku wenyeji wakibaki wamelala vilevile. Tena mkazo kwenye uso wa jani huongezeka sambamba na unene: majani yote yakipinda pamoja, lile nene linabeba mkazo wa theluthi moja zaidi. Hii ndiyo sababu springi zilibuniwa tangu mwanzo kwa majani mengi membamba. Jani nene lililochanganywa na membamba ndilo linalokaribia mpaka wake kwanza, na kama lilikatwa kwa gesi, joto limeshaharibu matayarisho ya kiwandani karibu na mkato.

Gari hilo likirudi tupu kutoka mbugani linaruka. Springi nzuri huliacha gari lipande na kushuka kiasi cha mara moja hadi moja na nusu kwa sekunde, mwendo ambao mwili wa binadamu unauvumilia. Springi ikiwa ngumu na mzigo ukiwa mdogo, mtikisiko unakuwa wa haraka na wa kuumiza mgongo, na chesisi inapokea kila kishindo. Dereva wa safari huketi ndani ya mtikisiko huo siku nzima, msimu baada ya msimu. Mgongo wake una thamani zaidi kuliko springi mpya.

Kuna fundi anayeikunja springi upya kwa nyundo, jani baada ya jani. Upinde unarudi, hilo ni kweli. Lakini chuma kilichokunjwa kikiwa baridi hubaki na mkazo ndani yake, hulala tena mapema, na kila alama ya nyundo ni mahali ambapo ufa unaweza kuanzia.

Mimi ningeanza na futi ya kupimia. Simamisha gari tupu mahali tambarare, pima kutoka katikati ya kitovu cha gurudumu hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia, kisha linganisha na gari jingine la aina hiyo lenye springi nzima. Kama lako liko chini hata likiwa tupu, springi zimepoteza umbo, na dawa ni springi mpya zenye ugumu uleule wa awali. Kama tupu linasimama vizuri na linalala likipakiwa tu, springi hazina kosa. Mzigo ndio umezidi.

Hapo nenda mizani ukiwa umejaza kila kitu. Baadhi ya matoleo ya gari hili yana matangi mawili ya lita 90. Yakijaa, dizeli pekee ni kilo 150 hivi. Abiria saba wa kilo 70 ni kilo 490. Madumu manne ya maji ya lita 20 ni kilo 80. Kilichofungwa moja kwa moja, kama paa la chuma na viti vya ziada, kinadai springi ngumu zaidi zilizotengenezwa kwa uzito huo. Kinachopakiwa na kushushwa kinaweza kupunguzwa. Na springi ngumu haiongezi hata kilo moja kwenye uwezo wa ekseli, chesisi wala breki.

Breki zinahitaji uangalifu wa pekee. Land Cruiser nyingi za aina hii zina vali iliyounganishwa kwa fimbo na ekseli ya nyuma. Nyuma ikishuka, vali huelewa kuna mzigo na kuruhusu nguvu zaidi ya breki za nyuma. Ukiweka springi ngumu bila kuirekebisha vali, gari lililojaa linasimama juu, vali inadhani ni tupu, na breki za mbele zinabeba kazi kupita kiasi. Fundi asipoitaja vali hiyo, mwulize.

Mwambie pia aweke yubolti mpya, zile zinazofunga springi kwenye ekseli, na boliti za bushi azikaze mwisho gari likiwa limekalia magurudumu yake. Yubolti zikazwe tena baada ya kilomita 500 hadi 1,000, kwa kuwa majani yakishajipanga zinalegea. Senta bolti, zile zinazoshika majani pamoja katikati, nyingi hukatika kwa sababu ya yubolti zilizolegea, na ikikatika, ekseli inaweza kusogea gari likiwa kwenye mwendo.