Usumbura, Kitega, Kissabo: kweli au si kweli?

Urundi ni kosa la Wajerumani walioshindwa kutamka Burundi.
Si kweli. Richard Burton na John Speke walifika Ujiji mwaka 1858, na kitabu cha Burton kilichochapwa London mwaka 1860 tayari kilisema Urundi. Wajerumani walikuwa bado hawajatia mguu Burundi. Burton alisafiri na watu wa misafara, na lugha ya misafara ilikuwa Kiswahili, ambacho huzipa nchi u-: Ugogo, Unyamwezi, Uganda. Kirundi hutumia bu-, kama Waganda wasemavyo Buganda. Kwa hiyo Urundi ni Kiswahili fasaha, na sisi wasemaji wake hatuna sababu ya kulionea haya jina hilo. Usumbura nayo ina u- hiyohiyo. Ruanda-Urundi ilipogawanyika na kupata uhuru, Julai 1962, ndipo jina la mji likawa Bujumbura.

Kitega ya zamani ndiyo Gitega ya leo.
Kweli. Katika Kirundi, ki- ikitangulia t, k au s hugeuka gi-. Ndiyo maana kitabu chetu kilipohamia huko kikawa igitabo. Aliyeandika Kitega aliandika kama Mswahili angetamka.

Kissabo na Mwezi Gisabo ni wafalme wawili.
Si kweli. Ni mwami mmoja, yuleyule aliyefanya mkataba na Wajerumani huko Kiganda mwaka 1903. Ki- tumeshaieleza. S ya pili ni ya Wajerumani: kwao s moja katikati ya irabu husomwa z, basi waliiandika mara mbili ili sauti isipotee. Nani atasema hawakusikiliza vizuri?

Ruzizi ni makosa, sahihi ni Rusizi.
Si kweli. Burundi huandika Rusizi, ng'ambo ya Kongo huandika Ruzizi, na mto ni mmoja.

Tahajia ya kale ni dalili ya ujinga.
Si kweli hata kidogo. Wachapaji wa London wa enzi ya Shakespeare waliandika haue na vs, maneno ambayo leo ni have na us. Kamusi ya Krapf ya mwaka 1882 iliiita lugha yetu Suahili, na kamati ya kusanifisha Kiswahili iliundwa mwaka 1930 tu. Anayetafuta habari za ukoo wake katika makaratasi ya kikoloni asiishie kwenye Bujumbura na Gitega. Atafute Usumbura, atafute Kitega.