Mkoko ukikatwa, kaboni yake huenda wapi?

Mkaazi wa Gazi, Vanga au Funzi aliyewahi kujenga nyumba ya udongo na makuti anaijua korija: fungu la miti 20 ya mikoko, iwe ni pau, boriti au nguzo. Wanaonunua korija huangalia unene wa miti, unyofu wake na bei. Ni wachache wanaofikiria kilichomo ndani ya miti yenyewe.

Katika mabaraza ya mazingira, swali moja hurudi kila mara: "Mimi nikikata mti mmoja hapa Kwale, hewa ya dunia inahusika vipi?" Ni swali la haki, nalo linastahili kujibiwa kwa hesabu.

Mti hula hewa

Mti haujengwi kwa udongo. Kutoka ardhini huchukua maji na kiasi kidogo cha madini. Sehemu kubwa ya mbao yake hutoka hewani. Majani huvuta gesi ya kaboni dioksidi, ambayo wengi huiita hewa ya ukaa, na kwa nguvu za jua huiunganisha na maji ili kutengeneza chakula cha mti. Oksijeni hutoka nje, kaboni hubaki. Kaboni hiyo ndiyo inayokuwa shina, matawi na mizizi.

Tuchukue boriti moja ambayo ikikauka kabisa ina uzito wa kilo 20. Takriban nusu ya uzito huo, yaani kilo 10, ni kaboni. Ikichomwa, kila chembe ya kaboni huungana tena na oksijeni ya hewani, na ndiyo sababu kilo 10 za kaboni hutoa karibu kilo 37 za gesi. Kwa korija nzima, hiyo ni zaidi ya kilo 700.

Si kila mti uliokatwa hurudisha gesi yake siku hiyo hiyo. Boriti iliyomo kwenye paa hushikilia kaboni yake kwa miaka yote ambayo nyumba imesimama. Kuni huirudisha hewani mara tu chakula kinapoiva. Makaa huirudisha kwa awamu mbili: sehemu kubwa hutoka kwenye tanuri la udongo kabla gunia halijajaa, na iliyobaki hutoka jikoni. Matawi na majani yanayoachwa msituni huoza na kufanya kazi hiyo hiyo polepole.

Msitu ukichipuka tena, miti michanga huanza kuivuta gesi ile upya. Hasara kubwa ni pale msitu usiporudi.

Ghala lililo chini ya matope

Mikoko ina jambo moja ambalo misitu mingi ya bara haina. Kaboni yake nyingi haimo kwenye shina, imo ardhini. Majani yaliyoanguka, mizizi iliyokufa na tope linaloletwa na maji hufunikwa tabaka juu ya tabaka. Matope hayo hujaa maji ya chumvi na hayana oksijeni ya kutosha, kwa hivyo vitu huoza polepole mno. Kaboni inaweza kukaa humo kwa mamia ya miaka na hata zaidi.

Mikoko ikiondolewa, jua hupiga matope moja kwa moja na mizizi iliyoyashikilia hufa. Sehemu ya udongo huchukuliwa na maji, nyingine hukutana na hewa na kuanza kuoza. Ghala lililojazwa kwa vizazi hufunguka, na gesi huendelea kutoka kwa miaka mingi baada ya mkataji kuondoka. Kwa hivyo anayehesabu miti pekee anahesabu sehemu ndogo ya hasara.

Ghuba ya Gazi ni shahidi. Katika miaka ya 1970 mikoko yake ilikatwa kwa wingi kwa ajili ya kuni za viwandani. Baadhi ya maeneo yalibaki wazi bila kuota yenyewe, hadi majaribio ya kupanda upya yalipoanza mapema miaka ya 1990 chini ya watafiti wa taasisi ya bahari na uvuvi, KMFRI. Kazi ya msumeno ya muda mfupi imedai miongo ya kuikarabati.

Je, Kwale ina uzito gani?

Kabla ya enzi ya viwanda, kila sehemu milioni za hewa zilikuwa na takriban sehemu 280 za kaboni dioksidi. Leo ni zaidi ya 420. Gesi hii huzuia joto lisitoke duniani, na kadiri inavyoongezeka ndivyo bahari na nchi kavu zinavyopata joto.

Sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na mafuta, makaa ya mawe na gesi zinazochomwa kwenye magari, viwanda na mitambo ya umeme, hasa katika nchi tajiri. Kwa sasa, ukataji wa misitu na kubadilisha matumizi ya ardhi huchangia takriban sehemu moja kati ya kumi ya kaboni dioksidi inayotokana na shughuli za binadamu kila mwaka. Kwa hivyo si kweli kwamba mkata boriti wa Kwale ndiye aliyeharibu hali ya hewa ya dunia.

Lakini ukataji hutuumiza mara mbili: huongeza gesi, na papo hapo huondoa mti ambao ungeivuta. Tena hasara ya kwanza huonekana hapa nyumbani. Kamba, kaa na samaki wachanga hukosa malezi, na mawimbi hufika ufuoni bila kizuizi.

Kaboni iliyobaki ardhini ina thamani

Tangu mwaka 2013, wakaazi wa Gazi na Makongeni kupitia mradi wa Mikoko Pamoja wamekuwa wakilinda hekta 117 za mikoko na kuuza haki za takriban tani 3,000 za kaboni dioksidi kwa mwaka. Mapato yamesaidia miradi ya maji na shule. Mfano huo umefuatwa na Vanga, Jimbo na Kiwegu, ambako hekta 460 zinalindwa.

Mafanikio haya pia huvutia madalali. Wakaazi wafahamu kwamba Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi, iliyorekebishwa mwaka 2023, inataka mradi wa kaboni katika ardhi ya umma au ya jamii uwe na mkataba wa maendeleo ya jamii. Kwa miradi ya ardhi, jamii inapaswa kupata angalau asilimia 40 ya mapato ya mwaka uliotangulia baada ya kuondoa gharama. Serikali ya kitaifa na ya kaunti hufuatilia mazungumzo ya mkataba huo. Yeyote anayewataka wazee watie sahihi haraka, bila kikao cha jamii, asikubaliwe.

Mkaazi afanye nini?

• Ukihitaji miti ya kujenga, nunua kwa mwenye leseni ya Huduma za Misitu (KFS). Mikoko ni msitu wa umma. Kuikata bila kibali ni kosa, hata kama ni karibu na boma lako.

• Linda kwanza kilichosimama. Mche uliopandwa leo utachukua miaka mingi kabla ya kushika kaboni iliyomo kwenye mti mmoja mkubwa, na hauwezi kurudisha upesi iliyotoka kwenye matope.

• Mnapopanda, pandeni aina inayofaa mahali pake. Mlilana huota upande wa bahari, mkandaa hupenda upande wa nchi kavu. Mche uliopandwa pasipo pake hufa, na kazi ya kikundi hupotea.

• Ukifikiwa na kampuni au dalali wa kaboni, ripoti kwa msimamizi wa wadi kabla ya kikao chochote cha kutia sahihi, na uombe mkataba usomwe kwa lugha mnayoielewa.