Majilio: Kumngoja Mgeni Aponyaye Mwenyeji

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Na aghalabu tunapoitamka methali hii huwa tunamfikiria kuku atakayechinjwa na wali wa nazi utakaopakuliwa kwa heshima ya mgeni, ambao watoto wa nyumbani nao hawatakosa kuonja. Lakini Mkatoliki aingiapo katika kipindi cha Majilio huiona methali hiyo ikipata maana ipitayo chungu na sinia, kwa kuwa Mgeni anayengojwa, ambaye jina lake Yesu maana yake ni kwamba Mungu huokoa, haji kukirimiwa tu, bali huja kumponya mwenye nyumba.

Neno lenyewe lastahili kutazamwa. Majilio hutokana na kitenzi kujilia, nacho si sawa na kuja tu. Mtu aweza kuja mjini pasipo kumkusudia yeyote, bali amjiliaye mwenzake amemkusudia yeye, na safari yake yote ni kwa ajili yake.

Kanisa huanza Majilio, na pamoja nayo mwaka mpya wa liturujia, katika Dominika iliyo karibu zaidi na sikukuu ya Mtume Andrea, tarehe 30 Novemba; kwa hiyo siku ya kwanza huangukia baina ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, na muda wote, wenye Dominika nne, haupungui siku 22 wala hauzidi siku 28. Katika siku hizo chache waumini hufundishwa kutazama pande mbili: hadi tarehe 16 Desemba ibada huelekeza nyoyo zaidi kwenye siku ile Bwana atakaporudi katika utukufu wake, na kuanzia tarehe 17 hugeukia Bethlehemu na kuzaliwa kwake. Mtakatifu Bernardo wa Clairvaux, abati aliyefariki mwaka 1153, alihubiri kwamba baina ya ujio huo wa kwanza na ule wa mwisho upo wa tatu, usioonekana kwa macho, ambao kwa huo Bwana humjilia kila siku mtu ampendaye. Huu ndio unaotuhusu leo, maana Bethlehemu imekwisha kupita na kiama hakijafika, ilhali mlango wa moyo uko hapa na waweza kufunguliwa sasa hivi.

Basi kanisani mambo hubadilika kwa taratibu. Padre huvaa zambarau, rangi ya toba. Mapambo ya altare hupunguzwa. Na wimbo wa Utukufu hauimbwi Dominika hizo, ili usiku wa Noeli utakaporudi, kwa kengele na vigelegele, masikio yaliyoukosa yaupokee kwa shauku. Hata hivyo Aleluya haikomi kama inavyokoma wakati wa Kwaresima, kwani toba ya Majilio ni toba yenye matumaini. Na Dominika ya tatu, iitwayo Dominika ya Furaha, padre aweza kuvaa rangi ya waridi, mfano wa anga kabla ya jua kuchomoza. Katika parokia nyingi huwekwa pia shada la matawi mabichi lenye mishumaa minne, desturi inayonasibishwa na mchungaji Mlutheri Johann Hinrich Wichern, aliyewatengenezea mishumaa ya kuhesabia siku watoto aliowalea Hamburg mwaka 1839. Utazame mshumaa wa kwanza ifikapo Dominika ya nne: umekwisha kuwa mfupi, nta imetiririka hadi majanini, ilhali wa mwisho ndio kwanza unawashwa. Kungoja si kukaa bure. Angojaye kweli hujitoa kidogo kidogo ili wengine waone.

Na kazi ya kungoja huonekana zaidi katika foleni ya kitubio. Yupo mama asimamaye pale jioni, kanga begani na rozari mkononi, akimkumbuka jirani ambaye tangu msimu wa mavuno hawajuliani hali kwa sababu ya mpaka wa shamba. Atakapotoka kuungama, safari yake haitakuwa imekwisha mpaka apige hodi kwenye mlango ule mwingine. Huko ndiko kuisawazisha njia ya Bwana alikokuhubiri Yohane Mbatizaji. Kwani vilima anavyosema vishushwe vimo dhamirini mwetu, na mabonde anayosema yajazwe ni haki za watu tulizozipunja. Nguo mpya na chokaa ukutani ni vyema, lakini nyumba iliyopakwa chokaa yaweza bado kuwa na chuki chumbani.

Siku za mwisho pango la Noeli hujengwa, kwa kufuata mfano wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi kule Greccio mwaka 1223. Wachungaji wamo, ng'ombe na punda wamo, Maria na Yosefu wamo; ila katika makanisa mengi hori huachwa wazi, nyasi kavu peke yake, hadi usiku wenyewe. Watoto huchungulia na kuuliza Mtoto yuko wapi, nao wazazi huwajibu kuwa bado. Bwana huyu alipofika mara ya kwanza alikosa nafasi hata katika nyumba ya wageni, wala si kwa uadui, bali kwa kuwa nyumba ilikwisha kujaa. Kwa hiyo mwenyeji anayetamani kupona na aanze kwa kuondoa kitu nyumbani mwake, apate pahali pa kumlaza Mgeni.