Muliro Kabla ya Lango

Mtoto wa hapa Mabanga, Bungoma, akipata nafasi ya kusomea chuo kikuu cha Kakamega, majirani huuliza: ameitwa wapi? Jibu ni “Masinde Muliro”, kana kwamba ameitwa na mtu. Naona jibu hilo halijaenda mbali na ukweli, kwa kuwa chuo hiki kilianza kwa watu kuitana.

Kilianza mwaka 1972 kwa jina la WECO, yaani Western College, enzi ambayo kila upande wa Kenya ulitaka chuo chake cha ufundi kwa nguvu ya harambee. Nyeri walikuwa na chuo cha Kimathi. Aliyewahi kuketi kwenye harambee anajua ilivyo: pesa huhesabiwa hadharani, jina la mtoaji hutangazwa, na asiye na noti huleta jogoo. Jogoo hunadiwa, aliyemnunua humrudisha mezani, ananadiwa tena. Mwanasiasa Masinde Muliro alikuwa kinara wa michango ile, na ndiyo maana jina lake lilikuwa na haki ya kufika langoni.

Lakini mwanafunzi akijua hilo tu, amejua nusu. Mwaka 1957, Waafrika wa Kenya walipowachagua wabunge wao kwa mara ya kwanza, walioshinda walikuwa wanane. Muliro, aliyesoma Cape Town, alikuwa mmoja wao. Daniel arap Moi alikuwa mwingine. Wote wawili waliingia chama cha KADU, na humo wakagongana juu ya Kitale, mji wa Trans Nzoia: mipaka ya majimbo ilipochorwa, Muliro aliitaka Trans Nzoia iwe ya Mkoa wa Magharibi. Ikabaki Bonde la Ufa. Jambo hili halipaswi kufichwa, maana bado linauma. Hapa Mabanga penyewe, mwaka 2011, jamii za Mlima Elgon, Bungoma na Trans Nzoia zilikutana kupatana baada ya damu kumwagika kwa sababu ya ardhi.

Mimi humkumbuka zaidi kwa mwaka 1975. Kamati ya Bunge ilikuwa imechunguza mauaji ya mbunge J. M. Kariuki, na serikali haikutaka ripoti ya kamati hiyo ipite. Muliro alikuwa Waziri wa Ujenzi, mwenye gari na cheo. Kura ilipopigwa, aliiunga mkono ripoti. Rais Jomo Kenyatta akamfuta kazi, pamoja na wasaidizi wa mawaziri John Keen na Peter Kibisu.

Mwaka 1991 alikuwa miongoni mwa waasisi wa FORD, kundi la upinzani, akimkabili Moi yule yule, sasa akiwa Rais. Tarehe 14 Agosti 1992, ndege iliyomtoa London ilipotua Nairobi, alianguka akafariki. Uchaguzi wa vyama vingi ulikuwa miezi minne mbele. Chuo alichokichangia kiliwekwa mwaka 2002 chini ya Chuo Kikuu cha Moi, na mwaka 2007 kikasimama peke yake kwa jina la Muliro.

Wanafunzi wapya hupewa ziara ya maktaba na mabweni. Ningependa siku hiyo wasomewe pia kura ile ya 1975, na wasimuliwe habari ya Kitale bila kupunguza neno.