Mkia Unaotikisika Si Salamu Daima

Wananchi wanaofika kituoni kulalamika kwamba wameumwa na mbwa hutueleza mara nyingi jambo moja: mbwa huyo alikuwa akitikisa mkia. Hawasemi uongo. Kosa limo katika imani iliyoenea pande zote mbili za mpaka, kwamba mkia unaotikisika ni ishara ya urafiki. Mkia huonyesha kuwa mbwa amesisimka. Kama ni kwa furaha au kwa hasira, sharti tuutazame mwili mzima.

Mbwa mwenye furaha hulegea. Mkia wake huyumba kwa mapana na kiuno hufuata, mdomo ukiwa wazi kidogo. Mwenye nia mbaya hukakamaa: mkia husimama wima na kutikisika harakaharaka, manyoya ya mgongoni husimama, naye hukukazia macho. Mbwa mwoga naye huuma, na huyu ndiye asiyetambuliwa. Hufyata mkia, hulaza masikio, hukutazama kwa pembe ya jicho hata weupe ukaonekana. Hulamba midomo pasipo chakula, hupiga miayo pasipo usingizi. Anaomba aachiwe nafasi. Mtoto asiyelielewa ombi hilo humkumbatia, uso wake ukiwa karibu kabisa na meno.

Kunguruma ni onyo. Tunawasihi wenye mbwa wasimpige anayenguruma, kwani aliyekomeshwa kuonya anaweza kuuma bila kuonya.

Ukikabiliwa, simama, usikimbie wala usimkazie macho. Geuka ubavu, kisha rudi nyuma polepole. Tunajua kwamba wengi huinama kuokota jiwe, na mbwa aliyezoea mawe hukimbia. Lakini mama mwenye watoto wachanga huweza kukurukia wakati huo uso wako uko chini.

Msafiri anayekutana na mbwa wa polisi mpakani asimpapase wala asimpe mkate, hata akitikisa mkia, yuko kazini. Akiketi kimya mbele ya mzigo, si uchovu. Wengi hufunzwa kuashiria hivyo kwamba wamenusa walichotumwa kukitafuta.

Ishara hizi zote hupotoka mbwa akiwa na kichaa. Mkali huweza kuwa mpole kupita kiasi, na mpole kuwa mkali ghafla. Hutokwa mate, huyumba, hushindwa kumeza. Dalili zikishamtokea binadamu, ugonjwa huu huua karibu daima. Kwa hiyo aliyeumwa au kuparurwa aoshe jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo.

Hapa ndipo mpaka unapotutia hasara. Mbwa hana pasi, na katika mji kama Busia, ulioko Uganda na Kenya pia, aliyeumwa huweza kuvuka kwanza kumtafuta mwenye mbwa ili alipe gharama, huku saa zikipita. Asifanye hivyo. Wala mbwa huyo asiuawe kama anaweza kufungiwa kwa usalama, maana daktari wa mifugo humchunguza kwa siku 10. Mwarifuni mwenyekiti wa kijiji au kituo cha polisi kilicho karibu. Shauri la fidia tutalipokea mtakapotoka hospitalini, na mwenye mbwa akiwa ng'ambo, tutawasiliana na wenzetu wa upande huo.