Kabla Hujakopa Pesa ya Laptopu: Vifaa vya Kuanzia Kazi ya Ufrilansa

Umemaliza chuo, labda SEKU pale Kwa Vonza, umerudi nyumbani Mutomo au Kibwezi, na unataka kujitegemea: kubuni mabango, kuandika, kutafsiri, kuhariri video. Kitu cha kwanza wengi wetu hufikiria ni laptopu. Cha pili ni mkopo wa simu wa kuinunua. Sisi tunaoshughulika na malipo kila siku tunakuomba usubiri kidogo. Mkopo huanza kudai mwezi huu huu, lakini mteja wako wa kwanza anaweza kuchukua miezi mitatu kupatikana.

Tafuta mteja kwanza, na uanzie hapo karibu. Kuna familia inayohitaji programu ya mazishi yenye picha safi, kanisa lenye harambee, shule inayotaka mtihani uchapwe. Msimu wa maembe ukifika, mkulima wa Makueni anataka picha nzuri za kumtumia mnunuzi aliye Nairobi au Mombasa. Akina mama wanaosuka viondo nao wanahitaji katalogi. Kazi hizi zote unaweza kuzianza na simu uliyo nayo.

Programu za kuanzia ni za bure. Google Docs ni ya kuandikia, Google Sheets ni ya hesabu, na akaunti moja ya Google inakupa GB 15 za kuhifadhi kazi bila malipo. Canva ina sehemu ya bure inayotosha mabango na kadi. WhatsApp Business nayo ni bure, na ina katalogi ya kuonyesha kazi zako na bei, hivyo mteja hakuulizi "ni how much?" mara kumi kwa siku.

Gharama halisi ni bando. Docs unaweza kuiweka ifanye kazi bila intaneti, kwa hivyo andika na usahihishe maneno yote nje ya mtandao, kisha ndio ufungue Canva. Kazi ikikulazimu kutumia kompyuta, lipia saa moja saiba, au uliza ofisi ya NG-CDF ya eneo bunge lako kama kuna kituo cha Ajira Digital karibu. Mpango huo wa Serikali ulianza mwaka wa 2016, na unafunza vijana kazi za mtandaoni. Ukibaki na pesa kidogo, nunua pawabenki. Stima ikipotea jioni na mazishi ni kesho asubuhi, hakuna atakayekusikiliza.

Sasa tuje kwenye pesa, maana hapa ndipo wengi huumia. Tenga pesa za kazi na za nyumbani, kwa till au laini nyingine. Zikichanganyika na za unga na nauli, mwisho wa mwezi hutajua kama ulipata faida au uliwafanyia watu kazi ya bure. Kisha itisha nusu ya malipo kabla ya kuanza. Tuseme bango ni Sh1,500: pokea Sh750, fanya kazi, mwonyeshe mteja nakala yenye jina lako limepita katikati, halafu faili safi itoke baada ya zile Sh750 nyingine kuingia. Ndiyo, hata kwa binamu yako. Hasa binamu yako.

"Kuingia" tunamaanisha umeangalia salio. Meseji ya malipo inaweza kughushiwa, na skrinshoti ni rahisi zaidi. Mtu akikuharakisha, "si umeona meseji, nitumie faili niko kwa gari," angalia salio kwanza. Na PIN yako haihitajiki na mtu yeyote ili akulipe.

Kuna mtego mwingine: kazi ya mtandaoni inayoanza kwa wewe kulipa. "Ada ya usajili", "pesa ya training", au akaunti ya uandishi yenye jina la mtu mwingine inayouzwa kwa maelfu. Mwenye jina anaweza kuichukua tena wakati wowote, pamoja na pesa zilizomo. Mwajiri wa kweli ndiye anayekulipa.

Laptopu je? Fungua rekodi zako za till baada ya miezi michache. Ukiona unalipa saiba kila wiki, au umekataa kazi kadhaa kwa sababu ya simu, basi wakati umefika. Iliyotumika inatosha. Iwashe dukani bila chaja kwa nusu saa, jaribu kila kitufe, unganisha Wi-Fi, na usitoke bila risiti yenye namba ya mashine.