Kuipima Hospitali kwa Takwimu

Mgonjwa wa Tengeru, mashariki ya mji wa Arusha, huanza matibabu yake katika zahanati au kituo cha afya. Akizidiwa hupelekwa hospitali ya wilaya. Ikishindikana hupelekwa Mount Meru, hospitali ya rufaa ya mkoa, au hata KCMC ya Moshi, iliyofunguliwa mwaka 1971. Kila ngazi hupokea wale walioishinda ngazi ya chini yake. Si ajabu, basi, vifo kuongezeka kadiri ngazi zipandavyo. Je, hospitali ya juu ndiyo mbaya zaidi?

Na zichukuliwe hospitali mbili za kubuni, kila moja ikiwa na wagonjwa 1,000 kwa mwaka. Ya wilaya ilipokea wagonjwa 900 wenye maradhi mepesi, wakafa 9, na mahututi 100, wakafa 20. Jumla ni vifo 29, yaani asilimia 2.9. Ya rufaa ilipokea wenye maradhi mepesi 400, wakafa 2, na mahututi 600, wakafa 90. Jumla ni vifo 92, yaani asilimia 9.2. Zikitangazwa asilimia hizo mbili peke yake, wananchi wataikimbia hospitali ya rufaa. Kumbe kwa ya wilaya mahututi 20 walikufa katika kila 100, na kwa ya rufaa ni 15 tu. Na hata wenye maradhi mepesi walinusurika zaidi katika ya rufaa. Anayeikimbia anaikimbia salama yake.

Kielelezo cha kitakwimu huuliza hivi: lau wagonjwa wa hospitali ya rufaa wangalitibiwa kwa kiwango cha ile ya wilaya, wangalikufa wangapi? Wepesi 4 na mahututi 120, jumla 124. Waliokufa hasa ni 92. Katika kazi halisi wagonjwa hawagawanywi makundi mawili tu. Hutazamwa umri, aina ya ugonjwa na hali ya mtu alipofika mlangoni.

Hesabu hii ina mitego yake, na hata mabingwa wamenaswa. Mwaka 1863 Florence Nightingale alichapisha kwamba vifo katika hospitali 24 za London vilizidi asilimia 90. Vifo vya mwaka mzima vilikuwa vimegawanywa kwa idadi ya wagonjwa waliokutwa vitandani siku moja, ilhali kitanda kimoja hulaliwa na watu wengi kwa mwaka.

Mtego mwingine ni uchache. Ikiwa katika kila wagonjwa 10 wa aina fulani hutarajiwa kufa mmoja, kituo chenye wagonjwa 20 hutarajia vifo 2. Vikitokea 4 au zaidi, asilimia imekuwa maradufu; lakini jambo hilo hutukia kwa nasibu tupu karibu mara moja katika kila 8, bila mganga kukosea lolote. Hospitali yenye wagonjwa 2,000 wa aina hiyo, ikipata vifo 400 badala ya 200, haiwezi kusingizia nasibu. Ndiyo maana vielelezo vizuri huivuta tarakimu ya kituo kidogo kuelekea wastani wa vituo vyote, mpaka ushahidi utakapotosha.

Tanzania ilianza kuvipa vituo vya afya nyota, kutoka 0 hadi 5, mwaka 2015/16. Katika awamu hiyo ni vituo 2 hivi tu katika kila 100 vilivyofikia nyota 3. Nyota hizo zilipima zaidi utayari wa kituo: watumishi, dawa, usafi, uongozi. Kupima kunusurika kwa wagonjwa ni kazi nyingine, nayo hutegemea daftari la MTUHA lililojazwa na muuguzi mwenye foleni mlangoni. Mgonjwa aliyechukuliwa na jamaa zake ili akafie nyumbani, akiandikwa kuwa ameruhusiwa, huhesabiwa miongoni mwa waliopona, na hakuna kielelezo kiwezacho kumtambua.